Stoo Iliyoitwa Ngambo

Malaba ziko mbili, na Busia ziko mbili. Mgeni akifika kwetu jambo hili humsumbua siku ya kwanza, kisha hulizoea kama sisi tulivyolizoea. Mpaka umepita katikati, huku Kenya, kule Uganda, na jina la mji ni lile lile pande zote. Kwa hivyo jina tumewaachia wageni na vibao vya barabarani. Sisi tunasema huku, na tunasema ng'ambo. Mama wa nyanya akikwambia sukari imeshuka bei ng'ambo, unaelewa anasema wapi kwa sababu unamwona amesimama wapi. Akikupigia simu, lazima umuulize kwanza, kwani uko wapi? Hata mtoto wa chekechea anajua kuuliza hivyo. Mimi nimezaliwa huku, nimesoma huku, nimelitamka neno hilo maisha yangu yote bila kulifikiria, na kama ungeniambia kuna siku neno dogo kama hilo litamzika mtu, ningekuambia uache upuuzi.

Nafanya kazi ya kompyuta. Watu wa nyumbani hudhani natengeneza simu, na nimechoka kuwaeleza. Kampuni iliyoniajiri ilikuwa na yadi mbili za kuegesha malori pale Malaba, moja huku na moja ng'ambo, na daraja la mto katikati yake. Dereva anayengoja karatasi zake za forodha huingiza lori yadi, akala, akalala humo mpaka aitwe. Mdosi wetu, mwenye kampuni, alikaa Busia, kwenye ofisi yenye kapeti, na Malaba alikuja tu siku za kugomba. Ofisi yangu ilikuwa kontena lililotobolewa madirisha, ndani ya yadi ya huku, na mchana wa jua kali ungeweza kuchemsha mayai humo bila jiko.

Kila lango lilikuwa na kamera. Lori likiingia, kamera inapiga picha ya namba. Mtu akiingia au akitoka kwa miguu, inapiga uso wake, na askari wa lango anaandika jina. Picha hizo na majina hayo yote yalikwenda kwenye hifadhidata, na hifadhidata yenyewe haikuwa ndani ya kontena langu, maana Malaba stima hupotea hata bila mvua. Ilikuwa kwenye wingu, yaani kwenye kompyuta kubwa za watu wengine, huko mbali, ambako unakodishiwa nafasi na unalipa kila mwezi. Ofisini hatukuwa na muda wa maneno marefu. Kila hifadhidata tuliyokodisha tuliiita stoo.

Sasa stoo za namna hiyo huzioni. Hazina kufuli, hazina paa la mabati, huwezi kuzizunguka ukiangalia ukuta umepasuka wapi. Ukitaka kujua unazo ngapi, zinaitwaje, ziko wapi, ipi inafanya kazi na ipi imelala, unaandika skripti. Skripti ni maagizo tu. Unayaandika mara moja, halafu mashine inayatekeleza kila unapotaka, bila kuchoka na bila kukununia, jambo ambalo siwezi kusema kuhusu binadamu wengi niliofanya nao kazi. Skripti yangu ilibisha hodi kwa watu wa wingu, ikaulizia habari za stoo zetu, ikarudi na majibu kabla sijameza mate. Niliipenda sana. Lakini kitu kimoja ukijue mapema: ilikuwa haifungui stoo. Ilisoma kibao cha mlangoni, basi. Jina la stoo, ukubwa wake, hali yake, nakala yake ya akiba ilichukuliwa lini. Kilichomo ndani, haikuwa na habari.

Mama mmoja alikuja asubuhi moja, katika msimu wa mvua, viatu vimejaa tope. Alikuwa ametoka Nangina, upande wa Funyula, akabadilisha magari, akafika Malaba na kuulizia ofisi ya kamera. Askari wa lango walimleta kwangu kwa sababu hawakujua wampeleke wapi pengine. Alikuwa wa rika langu hivi, amejifunga kitambaa cha akina mama wa kanisa, na hakutaka chai. Nilimwambia aketi, akaketi kwenye ukingo wa kiti kama mtu anayejua atafukuzwa sasa hivi.

Mume wake alikuwa tanboi, yule msaidizi wa dereva anayeweka mawe chini ya magurudumu na kugonga matairi kwa chuma ili asikie kama yana upepo. Walikuwa wanarudi kutoka Kampala, lori likaingia yadi yetu ya ng'ambo kungoja karatasi. Jioni karatasi zikatoka. Foleni ya kuvuka ilikuwa ndefu, lori halisongi, kwa hivyo tanboi akamwambia dereva kwamba yeye atatangulia kwa miguu, wakutane kwenye yadi ya huku. Hilo si ajabu, matanboi wote hufanya hivyo, maana anayevuka kwa miguu hula mapema. Lori nalo likavuka baadaye, dereva akaegesha katika yadi yetu ya huku, akalala usingizi wa mtu aliyechoka. Kulipokaribia kucha akasikia matairi yakigongwa, gurudumu moja baada ya jingine. Akajisemea mwenzake amefika, akageukia upande wa pili. Alipoamka hakumwona. Tangu asubuhi hiyo hakuna aliyemwona, simu yake imezimwa, na sasa ilikuwa inakwenda mwaka.

Mama alikuwa amekwenda kituo cha polisi cha huku. Wakamwambia huyo amepotelea ng'ambo, aende akaripoti huko. Akavuka, akaenda kituo cha kule. Wakamsikiliza vizuri, wakamwambia huyo alishaondoka kwao, amepotelea ng'ambo, arudi kwao akaripoti. Walimpiga danadana hivyo mpaka wakamzoea, wanamwona kwa mbali wanaanza kujifanya wanatafuta mafaili. Alinisimulia hayo bila kucheka wala kulia. Alisema tu kwamba wote walitumia neno moja, na kila mmoja alilisema akiwa ameelekeza kidole upande wa mwenzake.

Na nyumbani hakukuwa na nafuu. Kwetu mtu akipotea, mwili usionekane, na ukoo ukakata tamaa, huwa wanakata shina la mgomba na kulizika badala yake. Linalazwa kaburini, linaombewa kama mtu, watu wanakula, wanakwenda zao. Ni ili nyumba ipumzike, ndivyo wazee wanavyosema. Wazee wa upande wa mume walikuwa wameanza kulizungumza jambo hilo, kwanza kwa kunong'ona, sasa mbele yake. Wakishazika mgomba, yeye ni mjane, hesabu imefungwa, na hakuna mtu mwingine duniani atakayemtafuta mume wake. Wakwe walikuwa wamempa mpaka mavuno.

Alichotaka kutoka kwangu kilikuwa kitu kimoja tu. Picha ya mume wake akiingia lango la yadi ya huku. Kama aliingia huku, basi alivuka. Kama alivuka, kituo cha huku hakina tena mahali pa kumsukumia, lazima kifungue faili na kimtafute, na wazee hawana ruhusa ya kugusa mgomba. Nilimuuliza, kwa ule ukali wangu usiojua kungoja, je, kama nitakuta picha ya mume wako akiingia hapa na kutoka na mwanamke mwingine? Alinitazama usoni. Akaniambia nimwonyeshe hata hiyo. Afadhali awe mke aliyeachwa, kuliko kuzika mgomba mtu yu hai.

Basi nikamwambia asijali, hilo ni jambo dogo. Na nilikuwa nasema kweli kama nilivyoijua. Siku zile alipopotea bado yadi zote mbili zilikuwa wazi, na picha za siku hizo zilikuwa kwenye stoo mbili za zamani. Moja iliitwa hapa, nyingine iliitwa ngambo. Ngambo, bila ile alama ya juu, kwa sababu mashine haikubali alama hiyo kwenye jina, inagoma kabisa. Baadaye yadi ya ng'ambo ilifungwa, tukahamia mfumo mpya, na mdosi, ambaye hulipia kitu huku akiugua, akaagiza stoo ya ng'ambo ifutwe ili tusilipie picha za yadi isiyokuwepo. Ikafutwa. Iliyobaki ni hapa. Nasi tulichokitaka kilikuwa cha hapa. Ungeona kosa liko wapi?

Nikaiamsha skripti. Mama alisogeza kiti karibu, bega lake likagusa langu, akakitazama kioo kana kwamba mumewe angetokea kwenye zile herufi. Majibu yakaja kwa rangi ya kijani. Jina, hapa. Hali, inapatikana. Mahali, Ulaya.

Aliuliza pale pameandikwa nini. Nikamweleza kwamba stoo ipo, ni nzima, na kwamba iko kwenye wingu. Akanigeukia.

"Wingu la nani?"

Nimefanya kazi hii miaka mingi na hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo, hata mdosi. Nikamwambia ni la watu wa ng'ambo, ng'ambo ile nyingine, ya kuvuka bahari kwa ndege. Alitikisa kichwa taratibu. Naona kwake lilikuwa jambo la kawaida tu, kwamba kila alichokitafuta kingekuwa ng'ambo.

Stoo iliyolala huchukua muda kuamka, kwa hivyo tulingoja. Akanieleza kwamba mara ya mwisho walipozungumza kwa simu, alimwomba mumewe amletee mkeka wa plastiki wa Uganda, ile mikeka iliyosukwa ambayo huku inauzwa kwa bei ya kuumiza. Alimwambia achague wa kijani. Alirudia hilo la kijani mara kadhaa, nami nikawa naitikia tu, vidole vyangu viko kwenye kibodi.

Nikaandika jina la mume wake na ile tarehe. Ikaja picha moja.

Mwanaume mwembamba, fulana ya mikono mirefu, anapita langoni kwa miguu, mkeka umekunjwa kwapani. Mama alishika kioo kwa mikono yote miwili. Alitaja jina lake la nyumbani, lile ambalo mtu huitwa na mama yake. Kisha akacheka kicheko kifupi, akajifuta macho kwa kitambaa cha kanisa, akaniuliza kama mkeka ni wa kijani. Kamera yetu jioni ilipiga picha za kijivu. Nikamwambia haionekani, lakini huenda ni wa kijani. Moyo wangu ulikuwa mwepesi sana dakika hiyo. Nilikuwa tayari nawaza jinsi nitakavyomtembeza mwenyewe mpaka kituoni na kuitandika picha hiyo mezani kwa afisa aliyekuwa akitafuta mafaili.

Halafu nikaliona tangi.

Nyuma ya huyo mwanaume kulikuwa na tangi la maji, limepandishwa juu ya vyuma. Yadi ya huku haijawahi kuwa na tangi. Sisi tuna kisima, na kila mtu hulalamika juu ya kisima hicho. Tangi lilikuwa la yadi ya ng'ambo. Na mtu mwenyewe, nilipotazama vizuri, alikuwa hatazami ndani ya yadi. Alikuwa anatoka.

Nikafungua siku nyingine. Tangi. Nikafungua mwezi mwingine, malori mengine, nyuso nyingine. Tangi, tangi, tangi. Stoo nzima iliyoitwa hapa ilikuwa imejaa ng'ambo. Mama alikuwa bado anatabasamu. Nilimwomba anisubiri kidogo, nikatoka nje ya kontena na simu yangu, nikasimama mvuani kama mwendawazimu.

Nilimpigia fundi. Huyu ndiye aliyezijenga stoo zile mbili tangu mwanzo, kijana mpole wa upande wa kule, ambaye ofisi yake ilikuwa kwenye yadi ya ng'ambo hadi ilipofungwa, na bado anaishi huko huko. Hapandishi sauti hata umfanye nini, na hilo lilinikera zaidi. Nilimuuliza kwa nini stoo ya hapa ina picha za ng'ambo. Naona hakuelewa swali langu lina maana gani.

"Nyabo, mimi nilizipa majina nikiwa hapa," akasema, akiniita bibi kwa lugha ya kwao. "Hapa ni kwetu. Ng'ambo ni kwenu."

Nilimuuliza ile aliyofuta ni ipi, ingawa nilishajua. Akaniambia alifuta ile aliyoagizwa. Alikuwa bado na ujumbe wa mdosi kwenye simu, akanisomea, maneno machache tu: toa ile stoo ya ng'ambo. Mdosi alikuwa Busia ya huku alipoandika, na ng'ambo yake ilikuwa Uganda. Fundi alikuwa Malaba ya kule alipousoma, na ng'ambo yake ilikuwa Kenya. Na kama hiyo haitoshi, stoo yenyewe iliitwa ngambo, jina na neno vikakubaliana, angesita vipi? Hakuna kati yao aliyeuliza lile swali la mtoto wa chekechea. Alifuta malango yetu yote ya huku, kila uso ulioingia, kila mtu aliyepita kwa miguu, kisha akamjibu mdosi kwamba kazi imekwisha.

Nilitaka kugombana na mtu. Nilimpigia mdosi, nikamweleza, akaniambia yeye alisema wazi kabisa, ng'ambo ni ng'ambo. Akaniuliza kama huyo mama ni mteja wetu. Nilikata simu kabla sijasema neno la kunifukuzisha kazi. Wote wawili walikuwa na haki, na mimi nilikuwa na mwanamke ndani ya kontena anayeitazama picha ya mumewe akitabasamu.

Niliingia nikamwambia. Sikumzungusha. Nilimwambia picha hiyo ni ya kutoka ng'ambo, si ya kuingia huku, na kwamba za kuingia huku zimefutwa kwa makosa. Tabasamu lilimshuka polepole, likawa kama limesahaulika usoni. Akaniuliza kama mashine haiwezi kutafuta tena. Nilimwambia inaweza, nitatafuta. Alinishukuru, na shukrani hiyo iliniuma kuliko kama angenitukana.

Nilitafuta kweli. Niliandika skripti nyingine ya kuulizia nakala za akiba, maana watu wa wingu hubakiza nakala ya stoo kwa muda baada ya kufutwa. Stoo ikikosekana, mashine hurudisha mabano mawili yanayotazamana, katikati hakuna kitu. Ndivyo ilivyorudisha. Nikaiambia iulize katika kila eneo ambalo watu hao wana kompyuta, Asia, Amerika, kote, labda kuna mtu alinakili bila kusema. Mabano mawili. Nikawaandikia wenye wingu wenyewe, nikaomba, nikaeleza habari ya mama na mgomba, sijui nilidhani nani atasoma. Walinijibu kwa adabu kubwa kwamba muda wa nakala ulishapita, na kilichofutwa hakirudi. Nikajaribu majina, kama mchawi anayebahatisha: ngambo, gambo, ng-ambo, malaba, huku, kwetu. Nilijua ni ujinga. Kila asubuhi nilipokuwa nangoja maji ya chai yachemke, niliiendesha tena, na kila asubuhi ilimaliza kabla ya maji, ikaandika kwa kijani kwamba kazi imefaulu. Hilo ndilo lililonitia hasira kuliko yote. Haikushindwa hata mara moja. Ilikwenda, ikauliza vizuri, ikakuta hakuna kitu, ikarudi kuniambia imefaulu.

Mama aliondoka na ile picha moja, nimemchapishia kwenye karatasi nzuri. Akaipeleka ng'ambo. Kituo cha kule walifurahi sana kuiona. Walisema, unaona, tulikuambia, mtu ametoka yadi salama, anaelekea kwenu, hata mkeka anao, na wakaandika hivyo kwenye faili lao na kulifunga. Akaileta huku. Kituo cha huku walisema hii inaonyesha mtu yuko Uganda, na ni kweli, inaonyesha hivyo. Walimuuliza picha ya huku iko wapi. Akawaambia imefutwa. Wakamuuliza imefutwa na nani. Akawaambia na mtu wa ng'ambo. Basi, wakasema.

Kutoka lango lile hadi lango letu ni daraja tu na kipande cha barabara. Ukinunua chapati upande wa kule, unaimaliza ukifika huku. Mume wake alikuwa amebaki hapo. Kule ametoka, huku hajaingia, na picha niliyoitafuta ili imsaidie ndiyo iliyomwacha hapo. Kabla ya picha, kila kituo angalau kilikuwa na shaka kidogo. Nilienda darajani siku moja baada ya kazi, nikasimama pale wabadilishaji wa pesa wanapokaa, nikatazama maji ya chini. Msimu ule mto ulikuwa umejaa, na mwaka uliotangulia nao, walisema, ulikuwa umejaa vivyo hivyo. Sikuona chochote. Mbadilishaji mmoja aliniuliza nina shilingi za wapi.

Wazee nao waliipata picha. Mwana mdogo wa ukoo aliipiga picha kwa simu na kuisambaza, na wazee wakaisoma kwa namna yao: mtu alielekea darajani jioni, mto ulikuwa umejaa, hakufika. Nini tena kinatafutwa? Mavuno yalipokaribia wakapanga siku. Mama alinipigia kunijulisha. Hakunilaumu. Alinieleza tu kwamba mimi ni mmoja wa watu wawili watatu waliomtafuta mume wake, kwa hivyo aliona ni vizuri niende, akaniita dada.

Nilikwenda. Boma lao liko juu kidogo ya barabara inayotoka Nangina, nyumba ya udongo iliyosafishwa vizuri, mahindi yamekauka shambani yakingoja kuvunwa. Watu walikuwa wachache na hawakujua walie namna gani. Ukiwa na maiti, kilio hujipata chenyewe. Mgomba hauna uso. Vijana waliukata nyuma ya nyumba, utomvu wake ukawachafua mikono, wakaubeba wawili, wakauweka chini kivulini na kuufunga blanketi. Yule dereva alikuwepo pia, mtu mzima wa kutoka Rukala, ameketi peke yake. Alinieleza kwamba tangu siku ile hawezi kulala ndani ya lori, maana kila alfajiri kuna mtu anagonga matairi, na yadi ina matanboi wengi, na wote hugonga.

Shangazi mmoja akaleta mkeka wa ndani ya nyumba ili shina lifungwe vizuri, blanketi lilikuwa fupi. Mama alikuwa ameketi muda wote, kichwa kimefunikwa. Akausukuma mkeka ule kwa mkono.

"Mkeka anakuja nao," akasema.

Shangazi alisimama na mkeka wake, akatutazama sisi wengine tumsaidie. Hakuna aliyemsaidia. Akaurudisha ndani. Wakaushusha mgomba kaburini na blanketi lake fupi, ncha mbichi ikabaki nje, nyeupe, inatoa maji.

Katekista alikuwa mzee mwenye sauti nzuri, na nadhani hata yeye hakuifurahia kazi hiyo, maana alisoma haraka. Aliomba kwa ajili ya mjane. Mama hakuitika neno hilo. Aliomba kwa ajili ya watoto, na kwa ajili ya wasafiri wote. Kisha akainua mkono juu ya kaburi na kumwomba Mungu ampokee mtumishi wake aliyevuka, ambaye sasa ametutangulia ng'ambo. Huwa wanasema hivyo kila mazishi. Nimelisikia tangu nikiwa mtoto na nimeliitikia amina mara nyingi.

Mama alifunua kichwa. Alimtazama katekista, kisha akageuka akanitafuta mimi kati ya watu mpaka akaniona.

"Ng'ambo gani?" akauliza.

Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama alivyoniuliza lile wingu ni la nani, kwa sababu alitaka kujua na alidhani mimi ningejua. Watu wote wakanigeukia. Katekista alingoja kidogo, akasema amina mwenyewe, na wanaume wakachukua majembe.